Kuku wa kubanikwa wa bei ya usiku au kuku mbichi: yupi ana nafuu hapa Mbeya?

Mama wa Iyunga
Habari za jioni wapendwa. Nafunga duka Mwanjelwa saa moja, nafika nyumbani saa mbili kasoro, na watoto wawili wanasubiri chakula. Njiani kuna banda la kuku wa kubanika. Mchana anauza kuku mzima 13,000, lakini ikikaribia saa mbili waliobaki anawaachia kwa 9,500. Kuku mbichi wa kisasa, ameshanyonyolewa, nampata kwa 8,000. Kwa macho mbichi ni rahisi, ila kuna mkaa wa kama 1,000, kuna mafuta, na karibu saa nzima nimesimama jikoni nikiwa nimechoka. Mwezi huu nimenunua wa usiku mara nne. Napata au napoteza?

Fundi Mizani
Dada, nina mizani dukani, nikajaribu mwenyewe. Kuku mbichi wa kilo moja na robo alipotoka kwenye wavu alibaki gramu 900 na kidogo. Maji na mafuta yameishia motoni. Kwa hiyo kuku wa banda akionekana mdogo usidhani umepunjwa. Linganisha kuku kwa kuku, usiende kwa kilo. Kwa hesabu yako mbichi anafika 9,000 kabla ya mafuta, tofauti ni 500 tu. Mimi ningechukua wa usiku.

Mhehe wa Kihesa
Kamwene! Huku Iringa mimi hununua kuku wa mayai waliochoka kutaga. Bei yao iko chini na supu yao ni tamu kweli, ila ni wagumu. Halafu tusisahau tunaishi juu. Mbeya ni kama mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi, hayafiki 100 kama Dar. Nyama ya kuchemsha inachelewa kuiva, na mkaa unaendelea kuungua. Mwenye presha kuka anaweza kumudu kuku wa mayai. Asiye nayo, nafuu yote inaishia kwenye mkaa, heri huyo wa banda.

Mbanikaji Kabwe
Naongea kama muuzaji. Bei tunashusha kwa sababu hatuna friza, na kuku akilala ni hasara. Usiulize bei kwanza, uliza ametoka motoni saa ngapi. Aliye juu ya wavu, makaa bado yapo chini yake na ukimgusa anaunguza, huyo mchukue. Aliyekaa kwenye kabati la kioo tangu mchana bila moto, mwache hata kwa 5,000. Na ndimu nyingi na pilipili visikuhadae, vinaficha harufu. Bonyeza paja karibu na mfupa: nyama ikiteleza, rudisha.

Bibi wa Tukuyu
Sikilizeni hilo la Mbanikaji. Mwaka jana mwezi wa saba nilinunua nusu kuku, nikaacha mezani usiku kucha nikiamini baridi inatosha. Asubuhi nikampasha juu juu, mjukuu akaharisha siku mbili. Baridi ya kwetu si friji jamani! Kuku aliyeiva asikae nje ya moto zaidi ya muda wa saa mbili. Kama una friji, mweke humo umle ndani ya siku tatu, na ukimpasha, mkatekate vipande, ongeza maji kidogo, funika, hadi katikati pawe pa moto kabisa.

Na mifupa msitupe. Mimi namchambua kuku angali na uvuguvugu, nyama inaachia yenyewe kwa vidole. Mifupa, shingo na ngozi iliyoungua kidogo naviweka sufuriani na kitunguu na tangawizi, nusu saa tu. Mchuzi ule una harufu ya moshi, ukiupikia ndizi mbichi watoto wanalamba sahani. Kuku mmoja anakuwa milo miwili.

Mama wa Iyunga
Asante sana Bibi, na poleni kwa mjukuu. Mifupa nilikuwa nampa mbwa wa jirani! Leo nimeuliza ametoka motoni saa ngapi, mwenye banda akaacha wawili wa kwenye kioo, akanitolea wa kwenye wavu, 9,500 ileile. Tumekula mapaja na wali wa Kyela, kidari kiko kwenye friji kwa kesho. Sufuria ya mifupa iko jikoni sasa hivi.