Mrejesho: Kalymnos, na ile kamba ya mita 60

Wakuu, mtakumbuka niliuliza kama Oktoba inafaa kukwea miamba kisiwani Kalymnos, Ugiriki, na kama kamba yangu ya mita 60 ingetosha.

Oktoba ni yenyewe. Miamba ya kijiji cha Masouri, tulikokwea, inatazama magharibi, kwa hiyo asubuhi ni kivuli. Jua likishapinduka, tulikimbilia baharini. Tulipanda ndege hadi kisiwa jirani cha Kos, kisha boti kutoka bandari yake ya Mastichari.

Kamba sasa. Mlisema 80, nikajifanya mjuaji. Siku ya pili namshusha mwenzangu, kamba ikaisha, fundo la mwisho wake likagota kwenye kifaa changu cha kushushia, naye bado ananing'inia juu kama popo! Bila lile fundo angeanguka. Jioni tulikodi ya mita 80, kimya kimya.