MREJESHO: Ile mikufu ya vipete vya waya, bado nasuka
Wakuu habari za jioni. Niliuliza hapa kama kuna maana kuendelea kusuka mikufu ya vipete vya waya wakati siuzi, maana Arusha wateja wanataka shanga. Mkasema nisuke kwa furaha yangu kwanza, na mmoja akanambia nipime pete. Mungu ambariki sana! Siri yote ni uwiano, unachukua upana wa ndani wa pete unagawa kwa unene wa waya, msuko wa Byzantine (aina mojawapo ya kupitisha pete ndani ya pete) unataka kama 3.5 hivi, ikipungua sana pete hazipiti, ikizidi mkufu unalegea. Sasa hivi nasuka bangili, nazungusha waya wa shaba wa milimita 1 kwenye sindano ya kufumia ya milimita 3.5, nakata, nashika plaizi mbili, pete naifungua kwa kuipinda pembeni (ukiivuta ipanuke duara linaharibika) na nikishaanza hata honi za daladala za pale soko la Kilombero sizisikii, kichwa kinatulia kabisa. Dada anauliza nitaiuza lini hii bangili, nimemwambia hii naivaa mimi. Baada ya hii nitasuka hereni, anayejua waya wa alumini unapatikana wapi Arusha au Moshi anishtue.