Bosi kanirudishia barua pepe mara ya tatu: "more better" ina ubaya gani?

MtotoWaRau: Husika na kichwa cha habari hapo juu, wakuu.

Nina miezi minne kwenye ofisi ya kupandisha watalii Kilimanjaro, hapa Moshi. Kazi yangu ni kuwajibu wageni wanaouliza wapande kwa njia ipi. Form Four nilipata B ya Kiingereza na kuongea naongea, ila nikiandika narudishiwa. Leo bosi kapigia mstari mwekundu hii:

"Lemosho route is more longer than Marangu but is more better because of the fact that the body will get enough time to be used to the altitude, also Marangu is cheap than Lemosho and it has huts for sleeping while in Lemosho people they sleep in tents."

Pembeni kaandika ni ndefu mno na nirekebishe milinganisho. Kosa liko wapi hasa, hajasema. Naona aibu kumuuliza.

Kijiti: "People they sleep" 😂 Dada, hapo umetafsiri "watu wanalala" pamoja na "wa-" yake.

Mwalimu wa Zamani: Kijiti kacheka lakini kalenga. Binti, unafikiri kwa Kiswahili halafu unavalisha Kiingereza. Sisi tunasema "ndefu kuliko", na neno "ndefu" halibadiliki hata ulinganishe na nini. Ndiyo maana umeandika "cheap than": kuliko umeileta, cheap ukaiacha ilivyo. Kiingereza kinataka kivumishi chenyewe kiguswe. Kikiwa cha silabi moja kinapewa mkia: cheaper, longer, colder. Kinachoishia na y pia, ila y inageuka i: easy, easier. Virefu kama beautiful na expensive havibebi mkia, vinatanguliziwa more. Chagua kimoja, mkia au more. "More longer" ni kama kusema "zaidi ndefu zaidi". Na better tayari ni "nzuri zaidi", haihitaji msaada.

(Enzi za Shakespeare, miaka 400 iliyopita, walirundika vyote viwili na hakuna aliyewapigia mstari mwekundu. Umechelewa kuzaliwa.)

Ngarenaro: Mwalimu kamaliza upande wake. Mimi naandika barua za hivyo kila siku, na mgeni anazisoma kwenye simu akiwa na ofa za kampuni nyingine tano. Ningeandika hivi:

"Lemosho is longer than Marangu, so you have more time to get used to the altitude. Marangu is cheaper, and you sleep in huts instead of tents."

Kutoka maneno 48 hadi 27. "Because of the fact that" ni because tu, na hapo hata hiyo sikuihitaji. "The body" nimeitoa nikaweka you, maana anayepanda ni yeye. Sentensi moja kwa Lemosho, moja kwa Marangu, basi.

Mama Kibosho: Si ukavu huo jamani? Mgeni wa watu hata salamu hajapewa.

Ngarenaro: Salamu apewe, mama, mstari mmoja unatosha: "Thank you for writing to us." Ila asianze na "Kindly refer to the heading above" kama tulivyozoea kwenye barua za kuomba kazi. Na kama alivyofungua uzi huu, hahaha.

MtotoWaRau: Nimekoma 🙈 Haya, nipimeni: "Machame is more beautiful than Marangu, but the huts in Marangu are warmer than Lemosho."

Mwalimu wa Zamani: Nusu ya kwanza safi. Nusu ya pili umelinganisha vibanda na njia nzima. Andika "warmer than the tents on Lemosho". Kwa Kiswahili mtu akisema "nyumba za Moshi ni ghali kuliko Same" tunamwelewa na maisha yanaendelea, lakini bosi wako ana kalamu nyekundu.

MtotoWaRau: Mrejesho: nimeandika upya yote nikampelekea. Kajibu neno moja tu: "Better." Sasa mwalimu, hiyo ni kuliko nini?