Mtoto wa Tanga kuishangilia Yanga katika Uwanja wa Mkwakwani: je, huu ni usaliti?

Mgosi wa Chumbageni

Ndugu zangu, naomba mawazo yenu kuhusu jambo ambalo limenikaa rohoni. Nilimpeleka mpwa wangu wa miaka 11, mzaliwa wa Ngamiani, kuitazama Coastal Union ikicheza na Yanga. Tulipokwisha kukaa alivua shati, na kumbe ndani alikuwa amevaa jezi ya kijani na njano. Wageni walipofunga alinirukia shingoni kwa furaha, na nilipogeuka nikaona karibu jukwaa zima limesimama pamoja naye, huku sisi wachache tumebaki tumekaa kama wafiwa. Nilipomuuliza alinijibu kwa upole kwamba Coastal anaipenda, lakini Yanga ndiyo timu yake. Je, tumekosea wapi sisi Wagosi wa Kaya, yaani watu wa Coastal, ambao tulitwaa ubingwa wa Bara mwaka 1988, hata watoto wetu wakawa wageni katika uwanja wao wenyewe?

Mzee wa Barabara ya Nane

Mgosi, usimlaumu mtoto. Yanga ilianzishwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936, yaani karibu miaka 30 kabla ya ligi ya taifa kuanza mwaka 1965, na redio ilikwisha kuziingiza katika kila nyumba ya nchi hii kabla wewe hujazaliwa. Hata enzi zetu, mtu wa Tanga alikuwa na timu yake ya Dar es Salaam. Tofauti ni kwamba ile ya Dar ilikuwa ya kusikiliza, na ya hapa ilikuwa ya kugombania.

Neno hilo la kugombania ndilo ninalotaka ulitazame. Mji huu uligawanyika kati ya Coastal na African Sports, Wana Kimanumanu, kiasi kwamba siku ya pambano lao ndugu wa tumbo moja hawakula sahani moja. Hatukuipenda Coastal kwa sababu ni ya Tanga, kwani Sports nayo ilikuwa ya Tanga. Tuliipenda kwa sababu jirani aliichukia. Msimu wa 2015/16 mkoa wetu ulikuwa na timu 3 katika Ligi Kuu, yaani hizo mbili pamoja na Mgambo JKT, na zote 3 zikashuka daraja kwa mpigo. Coastal ilirejea mwaka 2018, lakini mtani wake hakurejea naye. Sasa mtoto wa Ngamiani atamtania nani shuleni siku ya Jumatatu, ikiwa darasa zima limegawanyika kati ya Simba na Yanga?

Binti wa Mwanjelwa

Shikamoo mzee. Nakubaliana nawe kwa sehemu, ila sisi wa Mbeya tuna ushahidi mwingine. Mbeya City ilipopanda na kumaliza nafasi ya tatu katika msimu wake wa kwanza wa 2013/14, watu walioapa kufa na Simba au Yanga walivaa zambarau na kuifuata timu hadi mikoani. Mama yangu muuza ndizi, ambaye hakuwahi kuujua mpira, alinunua skafu. Matokeo yalipoporomoka watu wakarudi walikotoka, kimya kimya. Kwa hiyo mapenzi ya nyumbani yapo, lakini yanahitaji timu inayoweza kuwafunga wakubwa angalau mara moja kwa mwaka.

Mnazi Asiye na Haya

Mimi ni Simba na ni Coastal, na wala sioni aibu. Mwaka 2022, fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Yanga pale Arusha ilipoisha kwa mabao 3-3, na mshambuliaji wetu Sopu akiwa amefunga yote 3 ya Coastal, nililia tulipotolewa kwa penalti. (Watani watasema nilikuwa nalilia Yanga kushinda, na waseme.) Muda si mrefu Sopu akawa mchezaji wa Azam, klabu nyingine ya Dar es Salaam. Tena, wapo viongozi wa klabu za mikoani wanaohamisha mechi ya nyumbani dhidi ya vigogo na kuipeleka kwenye mji wenye viingilio vingi zaidi. Ikiwa mwenye nyumba mwenyewe anaipangisha sebule yake, Mgosi, huyo mtoto amekosa nini?

Mgosi wa Chumbageni

Nimewasoma wote, ahsanteni. Maneno ya mzee yalinifanya nimpigie simu dada yangu jana usiku, naye akacheka sana kabla ya kunijibu. Kumbe babu yake mtoto, upande wa baba, alikuwa Kimanumanu wa kutupwa, na ndiye aliyemnunulia ile jezi ya Yanga, akimwambia avae yoyote aipendayo duniani, isipokuwa ya Coastal.