Mafundi wa treni za kuchezea za zamani hapa Mwanza: mnaziua, halafu mnatuuzia kwa jina la "sevisi"

Wakuu, salamu tutapeana baadaye.

Treni ya bati ya kabla ya Vita Kuu ya Pili inatoka kwenye boksi la mitumba ikiwa na vumbi na kutu kidogo chini ya tumbo. Wiki moja tu, iko mezani kwa muuzaji inang'aa kama bajaji iliyotoka dukani leo. Imepigwa msasa, ikajazwa puti, ikapuliziwa rangi ya gari, na bei imepanda mara tatu kwa sababu "imefanyiwa sevisi". Sevisi gani? Hiyo imechunwa ngozi.

Tuelewane. Treni nyingi za bati zina madirisha, namba na mistari iliyochapwa moja kwa moja juu ya bati, kiwandani, kabla bati halijakunjwa. Ukipitisha msasa au tina, ule uchapaji hakuna wa kuurudisha, si Mwanza wala Liverpool, Uingereza, zilikotengenezwa treni za Hornby. Mkusanyaji anayejua atalipia zaidi treni chafu yenye mikwaruzo kuliko hiyo yenu ya kung'aa. Kuisafisha ni maji ya uvuguvugu, tone moja la sabuni ya vyombo na pamba ya masikioni. Anza sehemu isiyoonekana. Pamba ikitoka na rangi, acha papo hapo. Kausha mara moja, maana unyevu wa ziwa hausubiri. Kutu ipake mafuta ya cherehani, ilale usiku mmoja, asubuhi futa na kitambaa. Ndimu na siki weka jikoni.

Sasa transfoma, maana hapa ndipo hasira inapopanda.

Treni ya Lionel ni ya Marekani. Chini ya transfoma yake mara nyingi imeandikwa volti 115, saiko 60 (yaani hezi, Hz). Soketi ya ukutani kwetu ni volti 230, saiko 50. Fundi anakata plagi ya bapa, anafunga ya pini tatu, anachomeka "kujaribu". Pale ambapo reli ilitakiwa kupata volti 16, zinakwenda zaidi ya 30, transfoma inanguruma, moshi unatoka, kisha mteja anaambiwa ilikuwa mbovu tangu ilikotoka. Haikuwa mbovu! Mmeichoma nyie. Ilihitaji stepu-dauni, ile transfoma ya kushusha volti za ukutani, basi. Na hata hiyo stepu-dauni haibadilishi saiko, kwa hiyo kwenye volti 110 bado itachemka kuliko kwao. Ile ya kushusha hadi volti 100, inayotumika kwa vifaa vya Kijapani, inaifaa zaidi. Transfoma ya wati 90 iwekee stepu-dauni ya wati 200, na ipumzishe kila baada ya nusu saa.

Kosa la pili ni kuchanganya umeme. Hornby Dublo iliyotoka mwaka 1938 inatumia DC (umeme wa upande mmoja, kama wa betri), volti 12. Märklin ya zamani, ya Ujerumani, ni AC (umeme wa kugeuka-geuka, kama wa ukutani). Zote zina reli ya tatu katikati, basi fundi anaona ni ndugu. Dublo ukiipa AC haiendi: inatetemeka, inachemka, na sumaku inadhoofika.

Hiyo sumaku nayo mnaiua kwa njia nyingine. Mnachomoa amecha (ile sehemu ya mota yenye nyaya inayozunguka) ikae mezani siku tatu huku sumaku iko wazi. Kabla amecha haijatoka, weka kipande cha chuma laini kinachogusa miguu yote miwili ya sumaku, kikae hapo mpaka amecha irudi. Usipofanya hivyo nguvu inapungua, na dalili ni hizi: injini tupu inakwenda, ukifunga mabehewa inagoma, ampia zinapanda, mota inanuka. Hapo mnakimbilia kubadilisha kaboni, vile vipande vinavyopeleka umeme kwenye amecha. Kaboni haina kosa.

Komyuteta ya Dublo, pale kaboni zinapogusa amecha, ina vipande vitatu vya shaba. Futa kwa spiriti na kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha kwangua masizi kwenye ile mianya mitatu kwa kijiti cha meno. Si kwa pini, si kwa msasa. Pima kwa mita kipande kwa kipande: vipimo vitatu lazima vilingane. Pima kipande na shafti: pasisomeke kitu. Mafuta ya cherehani tone moja kila bushi, grisi kidogo kwenye gia. Lile kopo la kupuliza la kulegeza nati liacheni huko huko gereji. Likifika kwenye kaboni, vumbi linageuka uji mweusi.

NYONGEZA: Mkuu uliyeuliza magurudumu yaliyopasuka kama yanaweza kugundishwa: hapana. Hiyo ni aloi ya zinki iliyochanganyika na madini ya risasi wakati wa kumiminwa. Inavimba na kupasuka kutoka ndani, na unyevu unaiharakisha. Gundi na puti ni kumficha mnunuzi miezi michache tu. Tafuta gurudumu jipya, basi. Na usihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, inatoa jasho. Tumia karatasi nyeupe na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vya kwenye maboksi ya viatu, mbali na gunia la dagaa tafadhali.

NYONGEZA YA PILI: Dada uliyesema Lionel inakubali DC, uko sahihi, mota yake inakula zote mbili. Ila yenye honi kwenye behewa la makaa itapiga honi muda wote, kwa sababu honi hiyo huamshwa na DC.

Na wewe muuzaji unayejibu kwamba "wateja wanapenda rangi mpya": weka hapa picha ya upande wa chini, bila kifuniko, amecha ikionekana. Tangu asubuhi unaombwa, unaleta picha za ubavuni tu.