Severance, mwisho wa msimu wa pili: aliyesimama kwenye korido ni Helly au Helena?

mtazamaji_wa_tanga

Wadau, habari zenu. Asiyeitazama bado sehemu ya 10 ya msimu wa pili wa Severance, ile iitwayo Cold Harbor iliyotoka Machi 21, 2025, namwomba aahirishe kuusoma uzi huu, kwa sababu siwezi kuuliza swali langu bila kuutaja mwisho wake. Kwa mgeni wa tamthilia hii: wafanyakazi wa kampuni ya Lumon hupasuliwa na kuwekewa chipu kichwani, hivyo mwili mmoja unakuwa na nafsi mbili zisizoshirikiana kumbukumbu, ya ndani inayoamka kazini tu na ya nje; Helly ni nafsi ya ndani ya Helena.

Swali lenyewe ni la dakika za mwisho kabisa. Mark wa ndani amekwisha kumpitisha Gemma, mke wa Mark wa nje, kwenye mlango wa ngazi wa kutokea kazini. Gemma, ambaye kumbukumbu zake zimemrudia mara tu alipouvuka mlango huo, anaugonga huku akilia na kumsihi mumewe atoke. Na Mark, aliyebakiza hatua chache tu, anageuka na kumwona mwanamke amesimama kwenye korido, taa nyekundu zikimulika. Sote tumechukulia kwamba yule ni Helly. Mimi moyo wangu haujatulia. Mwanzoni mwa msimu huu huu tuliamini tunamtazama Helly akifanya kazi na wenzake, kumbe aliyekaa kwenye kile kiti alikuwa Helena Eagan, binti wa mkuu wa Lumon, aliyejipenyeza ili awapeleleze. Hakuna aliyemtambua ila Irving, mfanyakazi mwenzao, na sisi watazamaji wengi hatukumtambua kabisa.

Sasa angalieni: mara ya mwisho tulimwacha Helly juu ya meza, akiwahutubia wanabendi wa ile idara ya Choreography and Merriment. Kisha anaonekana mlangoni, na hatukuonyeshwa alivyofika. Helena naye ana sababu zake za kumtaka Mark. Alilala naye hemani kule Woe's Hollow, kwenye safari ya wafanyakazi porini, kwa jina la mwenzake, na baadaye akamfuata Mark wa nje mgahawani, akajaribu kuzungumza naye kama mtu asiye na siri. Je, kuna ushahidi ndani ya tamthilia yenyewe unaoonyesha ni yupi kati yao?

mkazi_wa_nanyuki

Ndugu yangu, wasiwasi wako una msingi, lakini naona kanuni za tamthilia hii zinaupinga, tena kwa nguvu.

Helena hawezi kushuka kwenye ghorofa ile na kubaki Helena kwa matakwa yake tu. Mtu aliyefanyiwa upasuaji akishuka kwa lifti, yule wa ndani ndiye huamka, labda pawe na mtu mwingine anayeizuia chipu isifanye kazi yake. Kizuizi hicho kina jina, Glasgow Block, na tulilisikia katika sehemu ya 4, pale Irving alipomzamisha Helena majini akidai Milchick, msimamizi wao, amrudishe Helly. Kumbukeni Milchick alivyofanya: alishika redio ya mkononi, akaagiza kizuizi kiondolewe. Maana yake ni kwamba kwingineko palikuwa na mtu kwenye mitambo akingoja amri. Katika sehemu ya 10, mtu huyo ni nani? Drummond, mmoja wa wakubwa wa Lumon, amekwisha kufa kwenye lifti. Milchick amekabiliwa na Dylan, mwenzao Mark na Helly kazini, na bendi nzima. Anayedhani ni Helena hana budi kutueleza ni nani aliyeketi kwenye mitambo katikati ya vurugu zile, na ni lini hasa alipata nafasi ya kumgeuza Helly, ambaye muda mfupi kabla ya hapo alikuwa juu ya meza mbele ya kadamnasi.

Kuhusu namna alivyofika mlangoni, sioni fumbo. Mlango wa ngazi ndio uliokuwa wa kwanza kumpiga chenga katika sehemu ya 1 ya msimu wa kwanza, alipokuwa akitoka na kujikuta anaingia tena. Ikiwa kuna mtu kwenye ghorofa ile anayeujua mlango ule kwa uchungu, ni Helly.

Ushahidi ninaouthamini zaidi, hata hivyo, ni mazungumzo yao kabla ya Mark kuondoka, walipoketi pamoja wakijaribu kukumbuka Ikweta ni kitu gani, kama ni jengo au ni bara. Sisi tunaopita kwenye kibao cha Ikweta hapa kwetu tukienda sokoni tunaweza kuliona swali lile kuwa la kitoto, lakini mimi lilinitoa machozi: watu wawili wazima hawaijui dunia ya nje, na wanaitafuta kwa kupapasa. Helena asingeweza kulicheza lile. Alipojifanya Helly, uongo wake wa kwanza ulikuwa kwamba huko nje alikutana na mtunza bustani wa usiku, na Irving akaanza kushuku hapo hapo, kwa sababu ulikuwa uongo wa mtu ambaye hajawahi kukosa dunia.

dada_wa_muscat

Nakubaliana nawe, kaka, kwamba ni Helly. Ila mimi nadhani swali la mwenzetu wa Tanga limetupita pembeni kidogo, kwa kuwa hatari haitoki kwa Helena tena, inatoka kwa baba yake.

Rudieni kuyasikiliza maneno ya Jame Eagan alipomtembelea Helly ofisini. Anamwambia waziwazi kwamba hampendi binti yake. Kwamba zamani alikuwa akimwona Kier, mwanzilishi wa Lumon, ndani ya Helena, kisha nuru ile ikazimika. Kwamba amezaa watoto wengine kwa siri na kwao pia hakuiona. Na kwamba sasa anamwona Kier tena, ndani ya Helly. Mzee yule hakwenda kumtisha. Alikwenda kama mtu aliyempata mrithi wake. Tumezoea kufikiri kwamba Lumon wakiudhika watawafuta watu wa ndani, lakini kwa Helly hesabu huenda ikawa kinyume kabisa, kwamba atakayefutwa ni Helena, ili Helly apandishwe juu na kuvishwa jina la Eagan. Helly aliyemwambia Mark kwa huzuni, "Mimi ndiye yeye," anaweza kulazimishwa kuwa hivyo kweli.

Hapo ndipo sura zao za mwisho zinaponipa hofu. Wanakimbia wameshikana mikono, furaha imewajaa, halafu taratibu nyuso zinabadilika kabla picha haijagandishwa. Wapo wanaosema ni uchovu wa mbio tu. Mimi nadhani wamekumbuka kwamba hawana pa kwenda.

msomaji_wa_kigoma

Naomba kutofautiana na nyote watatu. Mnamjadili mwanamke aliyesimama koridoni kana kwamba ndiye aliyeamua, ilhali aliyegeuka ni Mark, na sababu za kugeuka kwake ziliwekwa mapema sana, kwenye yale mabishano ya kamera ndani ya kibanda, nafsi zake mbili zikirekodiana ujumbe. Mark wa nje anaomba msaada, anaahidi kwamba kumbukumbu zao zitaunganishwa na wote wawili wataishi, na kwa sentensi chache tu unaweza kumwamini. Halafu anamtaja mpenzi wa mwenzake na kumwita "Heleny" badala ya Helly. Kosa dogo la jina, lakini tazameni uso wa Adam Scott, mwigizaji wa Mark, anaporekodi jibu. Pale pale Mark wa ndani anafahamu kwamba mtu huyu hajawahi kumfikiria kama mtu, na kwamba muungano unaoahidiwa ni wa mwenye miaka zaidi ya 40 kummeza mwenye miaka michache.

Kwa hiyo hata kama asingesimama mtu yeyote mwisho wa korido, sina hakika kwamba angeutoka mlango ule. Alikwisha kutimiza wajibu wake kwa Gemma, na aliutimiza kwa moyo. Alikuwa tayari kufa kwa ajili yake. Cobel, aliyekuwa bosi wake, alimweleza kwamba zile namba alizokuwa akizipanga ndizo mke wake, kwamba kila faili alilokamilisha lilimzalia Gemma nafsi nyingine, na hilo la Cold Harbor lilikuwa la 25. Deni hilo amelilipa. Kumdai pia ajifute ni kumdai kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu angekitoa.

mtazamaji_wa_tanga

Nashukuru sana kwa majibu haya. Hoja ya kizuizi imenishinda. Sina wa kumweka kwenye mitambo, na naondoa dhana ya Helena.

Bado kuna jambo moja ambalo siwezi kukubaliana nalo, ndugu wa Kigoma. Unasema Mark angebaki hata kama korido ingekuwa tupu. Mbona basi alisimama, akamtazama Gemma muda mrefu vile? Na Helly, aliyemsihi mwenyewe aende kwa kuwa yeye hana kesho, mbona alikuja? Nadhani alikuja kumuaga tu, hakutegemea kuchaguliwa.

mkazi_wa_nanyuki

Nami naliona hivyo. Laiti angetaka kumzuia, angemwita tangu mbali au angemkimbilia, naye hakufanya hivyo. Alisimama akamwachia nafasi. Helena, kila tulipomwona na Mark, alikuwa anachukua: hemani alichukua jina la mwenzake, mgahawani akadadisi habari za mke wa mtu na hata jina la Gemma akalikosea. Kwa hiyo ukiweka kando chipu na redio na mitambo, bado unaweza kuwatofautisha kwa namna hiyo.

Kwa upande wa dada wa Muscat, msimu wa tatu umekwisha kuthibitishwa, na kitu cha kwanza nitakachokiangalia ni kama Jame Eagan atatuma watu kuwakamata wote wawili au Mark peke yake.