NAPRECA, Gordon au IUPAC: nina nafasi ya kongamano moja tu, niende lipi?

Mchujo_Tz (mwanzisha mada)
Wakuu, habari za kazi. Naomba ushauri kwa waliopita njia hii. Nimepata fursa ya kwenda kongamano la kemia, moja tu. Nimechuja nikabaki na matatu: NAPRECA (mtandao wa watafiti wa kemia ya mimea na viumbe asilia wa Afrika Mashariki na Kati), Gordon (yale makongamano madogo ya mada moja) itakayofanyika Ulaya, na kongamano kuu la IUPAC (muungano wa kimataifa wa kemia). Msimamizi anataka jibu Ijumaa apeleke maombi ya fedha. Kwa mtafiti mchanga, lipi lina faida zaidi?

Mzee_wa_Silika
Mdogo wangu, hujasema hata nusu ya tunayohitaji kujua. Uzamili au uzamivu, mwaka wa ngapi? Kemia ipi? Mtu wa mimea na mtu wa betri hawapewi jibu moja. Analipa nani, na analipa kabla ya safari au unatoa mfukoni kisha unarudishiwa? Una matokeo ya kuonyesha au unakwenda kusikiliza? Jibu hayo kwanza.

Nyota_Kisumu
Na pasipoti. Iko hai hadi lini?

Pwani_Kemia
Mimi sisubiri majibu, ningekwambia Gordon hata nikiamshwa usiku wa manane. Makongamano haya yalianza 1931, na siri yake ni udogo. Watu hawazidi 200 hivi, wote mada moja, mnalala mahali pamoja, mnakula meza moja kwa siku tano. Mchana mko huru, kwa hiyo yule ambaye umesoma makala zake miaka mitatu unamkuta anatembea peke yake, unamfuata. Halafu kuna ile semina ya wikiendi kabla ya kongamano lenyewe, inaendeshwa na wanafunzi na watafiti wachanga wenyewe. Hakuna profesa wa kukukatisha. Unazungumza Jumapili asubuhi, jioni wakubwa wanafika tayari unajulikana. Ila kumbuka semina na kongamano ni maombi mawili tofauti na ada mbili. Wengi huomba moja wakidhani wameomba yote.

Nyota_Kisumu
Pwani, hayo ni kweli kwa aliyelipiwa kila kitu. Mwenzetu hajasema hata ana shilingi ngapi. NAPRECA ipo tangu 1984, imejengwa na wakemia wa mimea wa ukanda huu wetu, na kongamano lake kwa kawaida huja kila baada ya miaka 2. Unakutana na watu wa Ethiopia, Uganda, Madagascar, watu wenye mashine zile zile zinazoharibika kama zako na mimea ile ile. Ukimwambia mtu wa huko kwamba umeme ulikatika katikati ya uchenjuaji, huhitaji kueleza zaidi. Mimi nilitoka huko na washirika wawili, na mpaka leo tunaandika pamoja.

Mchujo_Tz
Samahani wakuu, nilikuwa maabara. Uzamivu, mwaka wa pili. Kemia ya mimea tiba, mizizi ya mti mmoja kutoka milima ya Usambara. Nimetenga misombo minne, miwili imekubali, miwili muundo wake bado unanisumbua. Fedha ni za mradi, dola 2,200, ziwe zimetumika kabla ya mwisho wa Juni. Pasipoti ipo.

Mzee_wa_Silika
Bado hujajibu: zinatolewa kabla au zinarudishwa?

Mchujo_Tz
Zinarudishwa nikileta risiti.

DadaMaabara
Hapo kwenye risiti ndipo nilipoumia mimi, naomba niwaeleze kwa urefu.

Nilikuwa mwaka wa tatu. Ikisiri yangu ilikubaliwa kwenye kongamano kubwa katika nchi moja ya Ulaya. Nikaona ada ya mapema ina punguzo, nikailipa, kwa fedha ya kukopa kwa dada yangu, maana chuo kingenirudishia baadaye. Kwenye masharti kulikuwa na mstari unaosema ada hairudishwi. Niliusoma nikaupita.

Ubalozini nilikwenda wiki sita kabla, nikiamini hizo ni nyingi. Nafasi ya kwanza ya miadi ikawa siku kumi na tisa mbele. Nilipeleka barua ya mwaliko, barua ya chuo, taarifa ya benki ya miezi mitatu, nafasi ya hoteli, bima, tiketi iliyoshikiliwa. Wakauliza mbona benki fedha zimeingia kwa mkupuo wiki mbili zilizopita. Nikaeleza ni mkopo wa ndugu kwa ajili ya safari hii hii. Kwao maelezo hayo hayakuwa sababu, yakawa tatizo jipya. Wakataka barua nyingine ya chuo inayosema chuo ndicho kinachogharimia. Mwenye kusaini alikuwa likizo.

Siku ambayo bango langu lilipaswa kutundikwa, nilikuwa nyumbani nalo limeviringishwa kwenye mrija wa plastiki kando ya kabati. Pasipoti ilirudi siku mbili baada ya kongamano kufungwa, na viza ndani yake, halali kwa siku ambazo zimekwisha kupita. Chuo kikasema hakirudishi ada ya kongamano ambalo sikuhudhuria. Dada yangu nilimlipa kwa miezi kumi na moja.

Sheria za Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, zinaruhusu kuomba hadi miezi 6 kabla ya safari. Uamuzi kwa kawaida ni siku 15, lakini unaweza kufika 45. Ada ni yuro 90, ikataliwe au ikubaliwe. Mchujo, hesabu kutoka leo hadi Juni kabla hujapenda jina la kongamano lolote.

Nyota_Kisumu
Pole sana dada. Nimesoma mara mbili.

Pwani_Kemia
Pole dada. Lakini naomba tusimfanye kijana aogope. Mimi nilikwenda Barga, Italia, viza ilitoka siku ya tisa. Barua ya mradi ilitaja kila senti nani anaitoa. Tofauti iko kwenye barua.

DadaMaabara
Kaka, wewe ulikuwa tayari mwajiriwa wa chuo, una mshahara unaoingia kila mwezi. Mwanafunzi hana hiyo. Usilinganishe.

Kolamu_Ndefu
Mbona hakuna anayezungumzia IUPAC? Kongamano lao huja kila baada ya miaka 2 na huhama mabara: Paris 2019, The Hague 2023, Kuala Lumpur 2025. Unaona kemia yote, kuanzia elimu hadi polima. Halafu wana tuzo ya tasnifu za uzamivu, unaandika insha isiyozidi maneno 1,000.

Mzee_wa_Silika
Kwa mwaka wa pili, hapana. Nilikuwa Paris. Ni soko la Kariakoo siku moja kabla ya sikukuu. Bango lako linakaa saa mbili kati ya mamia, wanasimama watatu, mmoja wao anatafuta choo. Hilo ni la mtu anayemaliza na kutafuta kazi. Ya tuzo sawa, lakini tuzo ni ya aliyekwisha kutetea.

Kolamu_Ndefu
Na Lindau je, ule mkutano wa Ujerumani? Kule watafiti wachanga wanalipiwa, na wanakaa na washindi wa Nobeli.

Mzee_wa_Silika
Lindau huendi kwa kuchagua, unapendekezwa na taasisi kisha wanachuja. Umri usizidi miaka 35. Na mada huzunguka. Kemia ilikuwa 2017, 2022 na 2025. Mchujo aiweke akilini, lakini Ijumaa haimsaidii.

Nyota_Kisumu
Kuna jambo jingine. Mchujo, miundo miwili haijakamilika na hujachapisha. Ukibandika muundo wenye makosa mbele ya watu 200 wa mada yako, utaukumbuka.

Pwani_Kemia
Hapo ndipo Gordon inapofaa! Hairuhusiwi kupiga picha mabango wala kunukuu kilichosemwa. Watu huleta kazi mbichi makusudi, ili isahihishwe.

Mzee_wa_Silika
Kanuni ya picha haizuii macho, Pwani. Na mmea wa Usambara una wenyewe. Kabla hajautaja jina mbele ya maabara yenye roboti, ajue vibali vyake vinasema nini kuhusu Itifaki ya Nagoya, ule mkataba wa kimataifa wa kugawana faida za mimea na viumbe vya nchi. Nimeona mtu anaombwa "gramu mbili tu za unga" akiwa amesimama na kikombe cha chai, akakubali kwa adabu. Hakukuwa na mkataba wa kuhamisha sampuli. Miaka miwili baadaye kazi imetoka, jina lake liko kwenye shukrani.

Pwani_Kemia
Hilo linaweza kutokea hata Nairobi, Mzee.

Mzee_wa_Silika
Linaweza. Ila Nairobi napanda basi nikamfuate.

Mchujo_Tz
Wakuu, nasoma yote. Kusema kweli kinachoninyima usingizi ni hiyo misombo miwili kuliko kongamano. NMR tuliyo nayo, mashine ya kusomea muundo wa msombo, ni ya megahezi 400, na msombo mmoja nina miligramu 3 tu. HMBC, kile kipimo cha NMR kinachoonyesha haidrojeni ipi iko karibu na kaboni ipi, inatoka na kelele nyingi. Msimamizi anasema nikipata mtu wa kunipimia, sura ya pili ya tasnifu inafungwa.

DadaMaabara
Ungesema hivyo tangu mwanzo, mdogo wangu! Basi unatafuta mashine na mwenye mashine.

Nyota_Kisumu
Ndivyo nilivyopimiwa mimi. Mama mmoja aliyesimama mbele ya bango langu NAPRECA aliuliza kwa nini kaboni yenye kilele cha 170 kwenye NMR nimeiweka pale kwenye muundo. Nikasema sina uhakika. Akaniambia niletee. Hakuna ubalozi uliohusika.

Pwani_Kemia
Mwenye NMR ya megahezi 600 na kichwa baridi (kipokezi kilichopozwa ili kisikie sampuli ndogo) yuko Gordon pia, na kwa miligramu 3 hicho kichwa ndicho unachohitaji. Sibadilishi msimamo.

Kolamu_Ndefu
Kwani lazima asafiri kupata mashine? Andika barua pepe. Na kuna lile kongamano la mabango la mtandaoni la RSC, chama cha kemia cha Uingereza, lilianza Twitter mwaka 2015, saa 24, bure.

Mzee_wa_Silika
Barua pepe ya mtu asiyekujua ni ya 80 kwenye orodha yake. Mchujo, hiyo miligramu 3 umeihifadhi vipi?

Mchujo_Tz
Iko kwenye klorofomu ya deuteri, kwenye mrija wa NMR, tangu mwezi uliopita. Jokofuni.

Mzee_wa_Silika
Itoe leo. Ile klorofomu ikikaa hutengeneza asidi. Kama msombo wako una epoksidi au asetali, sehemu ambazo asidi huzivunja, unaweza kuwa unapima kitu kingine sasa. Ikaushe kwa naitrojeni, bila joto, weka kichupani. Kipimo kijacho, pitisha klorofomu kwanza kwenye alumina ya besi.

Mchujo_Tz
Naitrojeni imeisha tangu Jumatatu. Nikiiacha wazi kwenye kabati la moshi usiku kucha itafaa? Na kuhusu Ijumaa, msimamizi ameomba aongezewe muda hadi Jumanne.

Nyota_Kisumu
Itafaa, ila funika mdomo kwa karatasi ya alumini yenye vitobo, vumbi lisiingie. Na pima uzito wa kichupa kabla hujamimina.